Mzee wa La Chapelle-aux-Saints: Somo juu ya Mifupa ya Watu wa Kale



Wapenzi wasikilizaji, na ninyi mnaosoma kitabu hiki jioni pamoja na jamaa zenu, leo tutasema neno ambalo lawatia wengine hofu. Pengine kijana amerudi kijijini kutoka shule ya mjini. Ameketi na baba yake karibu na moto, naye asema: «Baba, tumefundishwa kwamba zamani sana walikuwako watu wa namna nyingine, na mifupa yao imechimbwa katika mapango.» Baba akasirika, ajibu: «Nyamaza, mwanangu. Hayo ni maneno ya watu wasiomjua Mungu.» Kijana anyamaza kweli, lakini moyoni aanza kufikiri kwamba hana budi kuchagua: ama shule, ama sala.

Basi sisi twataka kuwaeleza wote wawili, baba na mwana, habari za mzee mmoja aliyekufa zamani sana katika nchi ya Ufaransa. Mifupa yake haikufukuliwa na adui za dini. Ilifukuliwa na mapadri. Na habari zake zitatufundisha jinsi mtu mwenye elimu awezavyo kukosea, jinsi kosa lisahihishwavyo, na jinsi itupasavyo kumtazama mwenzetu aliyepinda mgongo.

1. MIFUPA YA BONDE LA NEANDER

Kwanza turudi nyuma kidogo, hata mwaka 1856. Katika nchi ya Ujerumani, karibu na mji wa Düsseldorf, wafanyakazi walikuwa wakivunja mawe ya chokaa katika bonde liitwalo Neander. Walipokuwa wakiondoa udongo ndani ya pango dogo, walikuta mifupa. Walidhani ni mifupa ya dubu, mnyama mkubwa wa misitu ya Ulaya, wakaitupa nje pamoja na udongo. Baadhi yake iliokotwa, ikapewa mwalimu wa shule, jina lake Johann Carl Fuhlrott.

Mwalimu huyo alitambua kwamba si dubu. Ilikuwa mifupa ya mtu. Walakini si mtu kama wale aliowazoea. Fuvu lilikuwa refu, paji lake la chini, na juu ya macho mfupa ulitokeza kama ukingo wa paa la nyasi juu ya mlango. Mifupa ya mapaja ilikuwa minene, tena imepinda kidogo. Mwaka 1857 Fuhlrott na mtaalamu Hermann Schaaffhausen wa mji wa Bonn waliwaeleza wenye elimu kwamba huyo alikuwa mtu wa zamani mno.

Wengi hawakusadiki. Mmoja alisema ni askari mpanda farasi wa jeshi la Urusi, mgonjwa wa mifupa, aliyeingia pangoni kufa wakati wa vita vya mwaka 1814. Mwingine, tabibu mashuhuri Rudolf Virchow, alisema ni mtu kama sisi, ila mifupa yake imeharibiwa na magonjwa. Ndipo mwaka 1864 mtaalamu William King wa Ayalandi akasema kwamba ni aina nyingine ya watu, akawaita kwa jina la bonde lile. Tangu hapo twasema «watu wa Neandertal».

Tunawaomba mkumbuke neno moja. Wale waliosema «ni ugonjwa tu» walikosea. Baadaye mtaona jinsi wengine walivyokosea kwa kutokuupa ugonjwa uzito wake.

2. MAPADRI WALIOCHIMBA PANGO

Sasa twende Ufaransa. Katika jimbo la Corrèze kiko kijiji kidogo kiitwacho La Chapelle-aux-Saints, maana yake kikanisa cha Watakatifu. Karibu na kijiji hicho liko pango la chini, ambalo mtu mzima hana nafasi kubwa ndani yake. Mapadri watatu walikuwa wakichimba hapo: Amédée Bouyssonie, na ndugu yake Jean Bouyssonie, na rafiki yao Louis Bardon. Mapadri hao walipenda kuchunguza habari za watu wa kale, nao walichimba polepole, wakitazama kila tabaka la udongo.

Pengine mtauliza: udongo waweza kusema nini? Fikirini jalala lililo nyuma ya nyumba zenu. Takataka za leo ziko juu. Za mwaka jana ziko chini yake. Na mkichimba hata mwisho, mtakuta vigae vya vyungu alivyovitumia bibi yenu. Ndivyo ilivyo pangoni. Kilicho chini kilitangulia, kilicho juu kilifuata. Kwa hiyo mchimbaji asiyetazama matabaka afanana na mtu anayepasua kitabu na kuchanganya kurasa zake.

Tarehe 3 Agosti 1908, mapadri walifikia shimo lililochimbwa katika sakafu ya pango. Urefu wake ulikuwa karibu mita moja na nusu, upana karibu mita moja, kina karibu sentimita 30. Ndani yake alilala mtu, chali, magoti yamekunjwa. Kandokando, katika udongo wa pango, mlikuwa na vyombo vya mawe vilivyochongwa na mifupa ya wanyama, kama nyati wa Ulaya na kulungu wa nchi za baridi. Hivyo walijua kwamba mtu yule aliishi wakati nchi ya Ufaransa ilipokuwa na baridi kali kuliko leo. Wataalamu wamepima baadaye, wakaona kwamba yapata miaka 50,000 imepita tangu kufa kwake.

Mapadri walisema: hili ni kaburi. Mtu huyu hakuanguka humu kwa bahati, wala hakuburutwa na fisi. Alilazwa na wenzake. Kwa watu wa siku zile neno hilo lilikuwa kubwa, kwa maana wengi walidhani watu wa Neandertal hawakuwa na akili ya kumzika mfu.

3. KOSA LA MTU MWENYE ELIMU

Mapadri hawakuificha mifupa, wala hawakuiogopa. Walishauriana na Padri Henri Breuil, aliyejulikana sana kwa kuchunguza michoro ya mapangoni; kisha mifupa ikapelekwa Paris, kwa Profesa Marcellin Boule wa nyumba kuu ya makumbusho. Boule aliipima kwa bidii, na tangu mwaka 1911 hata mwaka 1913 alitoa maandiko marefu juu yake.

Boule hakuwa mjinga wala mwongo. Alikuwa fundi wa kazi yake. Hata hivyo alimchora mzee wetu vibaya. Alisema kwamba mtu wa Neandertal hakuweza kusimama wima kama sisi. Kwamba magoti yake yalibaki yamepinda. Kwamba kichwa chake kilitangulia mbele na mgongo wake haukuwa na umbo la mgongo wetu. Kwa ufupi, alimfanya kuwa nusu mtu, nusu nyani. Na mwaka 1909, hata kabla ya maandiko hayo kutoka, gazeti la Ufaransa lilikuwa limetoa picha iliyochorwa na fundi František Kupka: mtu mwenye manyoya mengi, ameinama, ameshika rungu, anatazama kama mnyama wa mwitu. Picha ile ilizunguka dunia. Watoto waliiona, wakakua nayo, nao walipokuwa wazee bado waliwaza vivyo hivyo.

Basi kosa lilikuwa wapi? Mfupa wa mzee ulikuwa na alama za ugonjwa wa viungo, ule tuuitao baridi yabisi. Pingili za shingo na za mgongo zilikuwa zimeharibika. Nyonga moja ilikuwa imelika. Taya ilikuwa imepoteza meno mengi. Boule aliziona alama hizo, lakini hakuzipa uzito. Aliutazama mwili wa mzee mgonjwa, kisha akasema: watu wote wa kabila lake walikuwa hivi.

Je, sisi hatufanyi hivyo? Fikirini mgeni anayeingia kijijini kwenu kwa mara ya kwanza, naye akutana na mzee mmoja tu njiani, mzee anayetembea kwa fimbo, kichwa kimeinama. Mgeni arudi kwao na kuandika: «Watu wa kijiji kile hawajui kusimama.» Mtacheka, tena mtakasirika. Lakini ndivyo alivyotendewa mzee wa La Chapelle-aux-Saints kwa muda wa miaka karibu 50.

4. KOSA LASAHIHISHWA

Mwaka 1957 wataalamu wawili wa maungo ya mwili, William Straus wa Marekani na A. J. E. Cave wa Uingereza, walitoa maandiko mapya baada ya kuitazama tena mifupa yenyewe huko Paris. Walionyesha wazi jinsi ugonjwa ulivyoharibu uti wa mgongo. Walisema kwamba mtu wa Neandertal mwenye afya alisimama na kutembea kama sisi. Na kwamba kama angeogeshwa, akanyolewa na kuvikwa nguo za siku hizi, pengine angepita katikati ya mji mkubwa pasipo kutazamwa sana.

Mwaka 2019 wataalamu wengine, wakiongozwa na Martin Haeusler wa mji wa Zürich, walipima upya pingili na nyonga za mzee huyohuyo kwa vyombo vya kisasa. Nao waliona kwamba mgongo wake ulikuwa na umbo la mgongo wetu, na kwamba alama zilizo katika viungo vyake zathibitisha mwendo wa kusimama wima.

Tena fuvu lake! Lile paji la chini liliwafanya wengi wadhani kwamba ubongo ulikuwa mdogo. Lakini fuvu la mzee lilipopimwa, nafasi ya ubongo ilizidi sentimita za ujazo 1,600. Kwetu sisi kipimo cha kawaida ni karibu 1,400. Hatusemi kwamba alikuwa na akili kutupita. Ukubwa wa kibuyu hauonyeshi utamu wa pombe iliyomo. Twasema tu kwamba aliyemdharau kwa sababu ya paji lake alikosea.

Na kaburi je? Watu wengi walishuku neno la mapadri. Basi tangu mwaka 1999 hata mwaka 2012 wachimbaji walirudi katika pango lile na kulichunguza upya. Walisema kwamba shimo halikufanywa na maji wala na wanyama. Lilichimbwa na watu. Tena mifupa ya kulungu na nyati iliyotapakaa pangoni ilikuwa imepasuka kwa jua na baridi, na mingine ilitafunwa na wanyama. Lakini mifupa ya mzee ilikuwa laini, kama ya mtu aliyefunikwa udongo upesi. Wako wataalamu wasiokubali bado, na mabishano yao ni ya halali, kwani ndivyo elimu iendavyo. Walakini neno la mapadri wa mwaka 1908 limepata nguvu mpya.

5. NANI ALIMTUNZA?

Sasa mtazameni mzee huyo kwa macho ya moyo. Meno yake mengi yalikwisha kung'oka, wala si siku moja kabla ya kufa: mashimo ya meno yalikuwa yamezibwa na mfupa, na mfupa hauzibi shimo kwa siku mbili. Basi aliishi muda mrefu katika hali ile. Nyonga yake ilimwuma. Shingo yake ilikuwa ngumu. Na watu wale waliishi kwa kuwinda wanyama wakubwa, kwa mikuki, katika baridi kali.

Je, mtu kama huyu aliweza kumkimbiza nyati? Hata mtoto aweza kujibu. Wako wasemao kwamba alibaki na meno machache na kwamba aliweza bado kutafuna kidogo. Na iwe hivyo. Lakini nyama ilitoka wapi? Wengi wa wataalamu waona kwamba wenzake walimgawia, na labda walimlainishia chakula, kama ninyi mnavyomsagia mama mzee sombe na kumpa ugali mwororo.

Wala si mzee huyo peke yake. Katika nchi ya Iraki, mwaka 1957, mtaalamu Ralph Solecki alifukua mifupa ya mtu wa Neandertal katika pango la Shanidar. Mtu huyo alipigwa usoni upande wa jicho la kushoto, hata pengine jicho lile halikuona tena, mkono wake wa kuume ulikuwa umenyauka, na sehemu yake ya chini ilikuwa imekatika, tena alichechemea. Majeraha hayo yote yalikuwa yamepona zamani. Maana yake aliishi miaka mingi na ulemavu wake, kati ya watu ambao hawakumwacha njiani.

Katika katekismu tumejifunza matendo ya huruma ya mwili: kuwalisha wenye njaa, kuwatazama wagonjwa, kuwazika wafu. Sisi hatuwezi kusema ni sala gani watu wale walikuwa nayo, kwa kuwa mifupa haisemi sala. Lakini twaona kwamba mlemavu aliishi, na mzee alilazwa kaburini. Aliye na mzee nyumbani mwake, naye amechoka kumpelekea maji, na afikiri juu ya neno hilo.

6. JE, NI BABU ZETU?

Wengine watauliza: je, sisi tumetoka kwao? Fikirini ukoo. Babu mmoja alizaa wana wawili. Mmoja alihamia mbali, mwingine alibaki. Wajukuu wa yule aliyehama si babu zenu; ni jamaa zenu wa tawi la pili. Ndivyo walivyo watu wa Neandertal. Tawi lao liliishi Ulaya na sehemu za Asia. Tawi letu lilikua hapa Afrika: mifupa ya kale kuliko yote ya watu wa namna yetu inayojulikana hata sasa ilipatikana Jebel Irhoud, katika nchi ya Maroko, nayo ina umri wa miaka yapata 300,000, kama wataalamu walivyotangaza mwaka 2017.

Baadaye watu wa tawi letu walitoka Afrika, wakakutana na jamaa zao wa zamani. Habari hiyo imejulikana kwa njia ya ajabu. Ndani ya mfupa, hata ukiwa wa kale, mwaweza kubaki vipande vidogo vya ile mali ya urithi inayomfanya mtoto afanane na wazazi wake. Mwaka 1997 wataalamu walisoma sehemu ndogo ya urithi huo kutoka mifupa ileile ya mwalimu Fuhlrott. Mwaka 2010 kundi la Svante Pääbo, katika mji wa Leipzig huko Ujerumani, lilisoma sehemu kubwa. Kwa kazi ya namna hiyo Pääbo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2022.

Waliona nini? Waliona kwamba watu wa leo ambao asili yao ni nje ya Afrika wana urithi wa Neandertal, yapata sehemu moja au mbili katika mia. Mwaka 2020 wengine walionyesha kwamba hata katika Waafrika umo kidogo, mwingi wake ukiwa umeletwa na watu waliorudi Afrika zamani. Basi matawi mawili yalioana na kuzaa watoto. Watu wa Neandertal walitoweka karibu miaka 40,000 iliyopita, lakini hawakutoweka kabisa. Yule ambaye watu wa Ulaya walimchora kama mnyama yumo ndani ya damu ya waliomchora.

7. BABA NA MWANA WAPATANE

Turudi sasa kwa baba na kijana wake karibu na moto. Baba na asiogope. Mwaka 1950 Baba Mtakatifu Pio wa XII, katika barua yake Humani generis, alisema kwamba Kanisa haliwakatazi wenye elimu kuchunguza kama mwili wa mtu ulitoka katika viumbe vilivyotangulia. Bali roho, imani yatufundisha kwamba yaumbwa na Mungu mwenyewe. Na mwaka 1996 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa II aliwaambia wataalamu kwamba elimu hiyo sasa ni zaidi ya dhana tu. Jembe la mchimbaji lafika kwenye mfupa. Kwenye roho halifiki.

Naye kijana na asijivune. Elimu aliyoipata shuleni ni njema, lakini aone jinsi wataalamu wakubwa walivyoshindana na kukosea: wa kwanza waliona ugonjwa mahali ambapo haukuwako, wa pili hakuupa uzito mahali ulipokuwako. Waliorekebisha kosa hawakufanya hivyo kwa kelele, bali kwa kurudi na kuitazama mifupa tena.

MAULIZO NA MAJIBU

Ulizo: Mzee wa La Chapelle-aux-Saints alifukuliwa na nani?
Jibu: Alifukuliwa na mapadri Amédée na Jean Bouyssonie pamoja na Louis Bardon, tarehe 3 Agosti 1908.

Ulizo: Kwa nini alidhaniwa kuwa hakusimama wima?
Jibu: Kwa sababu mwili wa mzee mgonjwa ulichukuliwa kuwa mfano wa kabila lake lote.

Ulizo: Twajuaje kwamba hakuachwa na wenzake?
Jibu: Aliishi muda mrefu na viungo vibovu na pasipo meno mengi, na alipokufa alilazwa katika shimo lililochimbwa.

Ulizo: Je, Mkristu anakatazwa kujifunza habari hizi?
Jibu: Hakatazwi. Ukweli wote watoka kwa Mungu, wala ukweli haupigani na ukweli.

KUSUDI LA JUMA HILI

Kila mmoja wetu amtafute mzee au mlemavu mmoja wa kijiji chake, ampelekee kuni au maji, na kuketi naye kidogo amsikilize. Na jioni, baba amwambie mwanawe: «Nisomee tena habari za yule mzee wa Ufaransa.»